Posho, mutumbula, depar: maneno ya zamani ya Lubumbashi na watu wenye waliyabeba

Muzee mwenye kurudia Lubumbashi kisha miaka makumi tatu anaweza kupotea hata kama barabara bado anazijua. Anamuambia kijana wa pikipiki amupeleke «ku zone ya Katuba». Kijana anajua Katuba, lakini neno «zone» halimuambii kitu. Muzee anaeleza kama baba yake alikuwa wa K.D.L., kama mama yake alikuwa anapokea posho, kama familia iliacha nyumba «wakati wa refule». Kijana anamuangalia, anacheka kidogo kwa heshima, kisha anauliza: «Papa, ni wapi sasa?»

Hakuna mwenye kosa kati yao wawili. Wote wanasema Kiswahili, na wote ni watoto wa muji mumoja. Lakini maneno ya muzee yamezeeka pamoja naye. Kwa familia zenye zilifukuzwa, zenye zilikimbia vita, ao zenye zilifuata kazi mbali, maneno hayo ndiyo adresi ya mwisho yenye ilibaki. Kama hakuna tena mutu wa kuyasikia, hata nyumba na jina vinakuwa vigumu kuhakikisha.

Muji wenye ulizaliwa na lugha nyingi

Lubumbashi ilianza kwa jina la Elisabethville katika mwaka wa 1910, mwaka ule ule treni ilifika kutoka upande wa kusini. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mbele, katika mwaka wa 1906. Shaba ilikuwa inangojea, lakini mikono ya kuichimba ilikuwa inakosekana. Wafanyakazi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia, na Nyasaland, yenye leo ni Malawi. Kisha wengine wakatoka Kasai, Lomami, Ruanda na Urundi. Kila mumoja alifika na lugha ya kwao.

Kiswahili kilikuwa kinajulikana tayari katika eneo hili, kwa njia ya wachuuzi wa mashariki na kwa njia ya Bunkeya, makao ya mfalme M'siri, mwenye aliuawa katika mwezi wa 12 wa mwaka wa 1891. Wabelgiji walikikubali kwa ajili ya kazi. Walikuwa na sababu moja kubwa: waliogopa Kiingereza na nguvu ya jirani yao wa kusini. Kwa hiyo, Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya shule ya msingi na ya mission.

Lakini Kiswahili hicho hakikukaa peke yake. Kilichukua «boyi» na «buku» katika Kiingereza cha kusini. Kilichukua «kapita» katika lugha ya Wareno: ni mutu mweusi mwenye alisimamia wafanyakazi wenzake kwa niaba ya muzungu. Leo mutoto wa Kampemba akisikia «kapita», pengine atafikiri ni jina la mutu. Babu yake alikuwa anajua vizuri kama kapita anaweza kukuandika ao kukufuta, na siku ya feza inategemea kalamu yake.

Union Minière yenyewe, wafanyakazi waliipatia jina la «Changa-changa». Neno linatoka katika kuchanga, ni kusema kukusanya na kuchanganya. Kampuni ilikusanya watu wa kila kabila, ikawachanganya katika kambi moja, chini ya king'ora kimoja. Katika maneno yote ya zamani ya muji, hili pengine ndilo lenye akili zaidi, kwa sababu linaeleza historia nzima kwa neno moja.

Ndani ya Changa-changa kulikuwa posho. Katika Kiswahili cha inchi zingine, posho ni feza yenye mutu anapewa kwa safari ao kwa mukutano. Katika kambi za Katanga, posho ilikuwa chakula: unga, nyama ao samaki, mafuta, chumvi. Kampuni ilipimia kila familia kulingana na hesabu ya watoto. Mutoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akacheza mupira katika kiwanja cha kampuni. Kwa hiyo watu walisema kampuni ni baba na mama. Na watoto wa kambi waliitwa «bana Shaba», watoto wa shaba. Hata gazeti la kampuni, lenye lilianza katika mwaka wa 1957, liliitwa Mwana Shaba.

Lakini baba huyo alikuwa na fimbo pia. Tarehe 9 ya mwezi wa 12, mwaka wa 1941, wafanyakazi wenye walikuwa wamegoma kwa ajili ya mushahara walikusanyika katika kiwanja cha mupira cha Union Minière, na askari waliwapiga risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa siku hiyo. Mutu mwenye anakumbuka posho bila kukumbuka kiwanja hicho, anakumbuka nusu tu ya neno.

Ma boyi wenye waliandika historia

Katika mwaka wa 1965, kitu cha ajabu kilifanyika Elisabethville. Mutu mumoja mwenye alikuwa boyi wa wazungu, André Yav, aliandika pamoja na chama cha ma boyi wa zamani kijitabu cha kurasa za mashine. Kijitabu hicho kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Kwa jina lake, mutu angefikiri ni orodha ya maneno. Lakini mutu akifungua, anakuta historia ya muji kama vile watu wa nyuma ya nyumba waliiona: mabwana wa kwanza, Union Minière, vita, kazi ya jikoni, matusi na mishahara.

Kijitabu hicho kiliandikwa katika Kiswahili cha Lubumbashi, sawa vile kinasemwa nyumbani, bila kufuata sheria za shule. Johannes Fabian, mwenye alifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alikitoa katika mwaka wa 1990 kwa musaada wa Kalundi Mango. Fabian aliona jambo moja lenye watu wa radio watalielewa mara moja: mutu akisoma kijitabu hicho kwa macho tu, anapotea. Analazimika kukisoma kwa sauti. Akikisoma kwa sauti, maneno yanasimama yenyewe.

Kwa nini mutu mwenye kuandika historia anaiita «vocabulaire»? Pengine kwa sababu boyi alikuwa anajua jambo lenye wakubwa hawakulijua. Mutu mwenye kuwa na neno ndiye mwenye kuwa na habari. Boyi alilala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya bwana, akasikia kila kitu, na hakuna mutu alimuuliza kitu.

Wakati ule kulikuwa neno lingine lenye lilikata watu vipande viwili: «musenji». Musenji alikuwa mutu wa porini, mutu asiyestaarabika. Wazungu walilitumikisha juu ya watu weusi, kisha watu weusi wa muji wakalitumikisha juu ya ndugu zao wa vijiji. Kwa upande mwingine, kulikuwa «matrikule», yaani mutu mweusi mwenye serkali ya Wabelgiji ilimuandikisha, kufatana na sheria ya mwaka wa 1952, kuwa karibu sawa na Muzungu. Kwa kupata karatasi hiyo, alikaguliwa mupaka ndani ya nyumba. «Matrikule» limekufa kabisa, hakuna mutu analia juu yake. «Musenji» bado liko hai, wakati mwingine katika kinywa cha mutoto mwenye hajui lilitoka wapi.

Usiku wa batumbula

Kati ya maneno yenye wazee wanakumbuka kwa hofu, hakuna lenye linapita «mutumbula». Linatoka katika kutumbula, ni kusema kupasua. Katika miaka ya ukoloni, zaidi sana miaka ya 1940, ilisimuliwa katika kambi na katika cité kama batumbula wanatembea usiku. Walikuwa watu weusi wenye walilipwa na wazungu. Walikamata mutu mwenye alitembea peke yake, wakamufungia, wakamunenepesha, na kisha wazungu wakamula. Wengine waliwaita «Simba Bulaya», simba wa Ulaya. Habari hiyo ilienea sana mupaka wachoraji wa Katanga waliichora kisha uhuru.

Ni vyepesi kucheka. Lakini inafaa kukumbuka muji ulikuwa namna gani. Wazungu walikaa upande mumoja, weusi upande mwingine, na kati yao kulikuwa sehemu tupu. Usiku mutu mweusi hakuruhusiwa kutembea katika ville bila karatasi. Katika kazi ya shaba, mutu aliingia na nguvu, akatoka na kifua cha ugonjwa. Katika vita vya pili vya dunia kazi iliongezwa, chakula kikawa ghali. Watu walisema wazungu wanakula watu. Hawakuwa mbali sana na ukweli. Walikosa tu namna ya kuutia katika ripoti.

Mama wa Kenya na Kamalondo waliendelea kutumikisha neno hilo miaka mingi kisha wakoloni kuondoka, kwa kurudisha watoto nyumbani mbele ya giza. Leo mutoto anaogopeshwa na mambo mengine, na neno mutumbula limebaki kwa wazee tu.

Sitwayen, abakosti, makuta

Kisha uhuru, majina yaligeuka haraka sana. Katanga ilijitenga tarehe 11 ya mwezi wa 7, mwaka wa 1960, na ikarudishwa katika mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1963. Katika mwaka wa 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Albertville ikawa Kalemie. Komini Albert ikawa Kamalondo. Union Minière ilitwaliwa na serkali mwanzoni mwa mwaka wa 1967, na baadaye ikapata jina la Gécamines. Katika mwaka wa 1971 inchi ikawa Zaïre, na Katanga ikaitwa Shaba.

Utawala wa Mobutu uliingia mupaka katika salamu. Mutu hakuitwa tena «musye» ao «madame». Aliitwa «sitwayen», na mwanamuke «sitwayene». Koti na kravati viliachwa, abakosti ikaingia: koti bila kravati, yenye jina lake linatoka katika maneno ya Kifaransa «à bas le costume», costume ianguke. Tarehe 24 ya mwezi wa 4, mwaka wa 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, kravati zilirudi siku zile zile. Abakosti ilikufa kama nguo, na neno likafuata. «Salongo» peke yake lilipona. Lilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha njia na mitaro kwa ajili ya chama. Leo watu wanasema salongo bila kuwaza juu ya chama chochote, kwa sababu mutaro bado unajaa.

Feza nazo zina kaburi lao. Zaïre ilianza katika mwaka wa 1967. Zaïre moja ilikuwa makuta 100, na siku za kwanza iliweza kununua dolari mbili za Marekani. Mutu mwenye alikuwa na makuta alikuwa na kitu. Kisha bei zikapanda bila kusimama. Mwishoni mwa mwaka wa 1992 noti ya milioni tano ilitoka, na watu wakaiita «Dona Beija», jina la filamu ya Brezili yenye ilionyeshwa katika televizyo. Wachuuzi wengi walikataa kuipokea. Katika mwaka wa 1996, wakati Mobutu alikuwa anatunzwa Ulaya kwa sababu ya ugonjwa, noti kubwa kubwa zingine zilitoka, na watu wakaziita «prostate». Kucheka huko kulikuwa kwa uchungu. Katika mwaka wa 1998 franka ilirudi. Zaïre ilitoka, makuta ikatoka. Lakini mutu anaweza bado kusikia muzee anasema fulani «ana makuta». Feza ilikufa, sifa yake ikabaki.

Kindubile, lugha ya kujificha

Vijana nao hawakungojea serkali iwapatie maneno. Katika miaka ya 1950, kule Léopoldville, vijana waliona filamu za ma cowboy na wakajiita «Bill», kwa kufuata Buffalo Bill. Lugha yao iliitwa indubill, na wengi wanaeleza kama jina hilo linaunga Hindou, kwa sababu ya filamu za Wahindi, na Bill. Kule ilijengwa juu ya Kilingala. Mashariki ya inchi na Katanga, ilijengwa juu ya Kiswahili. Kwa Lubumbashi inaitwa Kindubile. Mwalimu Georges Mulumbwa Mutambwa wa chuo kikuu cha Lubumbashi ameijifunza kwa miaka mingi na kukusanya maneno yake.

Kazi ya Kindubile ni vyepesi kueleza. Mifupa ni ya Kiswahili: ni-, u-, a-, mu-, ba-. Nyama inatoka popote: Kifaransa, Kilingala, Kiingereza, ao neno la Kiswahili lenye limegeuzwa maana. Shabaha ni kuzungumza mbele ya muzazi, mwalimu ao askari bila yeye kusikia kitu. Kwa sababu hiyo Kindubile kinazeeka haraka kuliko lugha ingine. Siku mama anaelewa neno, vijana wanaliacha. Mutu mwenye alikuwa kijana hodari wa maneno katika miaka ya 1970, akiyasema leo mbele ya wajukuu, wanamuona kama mutu mwenye kuvaa suruali pana ya wakati ule.

Maneno ya nyumbani yalipata walinzi wengine. Nyimbo za Mwenda Jean Bosco, mwenye Hugh Tracey alimurekodi Jadotville katika mwaka wa 1952, bado zinasikika na zinabeba Kiswahili cha wakati ule. Kundi la Mufwankolo lilicheza michezo katika radio na televizyo ya Lubumbashi, katika Kiswahili cha mutaani, bila kuogopa. Walter Schicho na Mbayabo Ndala waliandika michezo hiyo na kuitoa katika kitabu katika mwaka wa 1981. Mutu mwenye anataka kujua ginsi bibi na bwana walikuwa wanagombana katika cité wakati wa Zaïre, anaweza kusikia pale, neno kwa neno.

Maneno yenye yalifukuza watu

Si kila neno la zamani ni la kuchekesha. Mengine yalitayarisha ubaya, na wale wenye waliumia bado wako hai.

Katika usiku wa tarehe 11 kuingia 12 ya mwezi wa 5, mwaka wa 1990, wanafunzi walishambuliwa katika makao yao katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Hesabu ya wenye walikufa inabishaniwa mupaka leo. Inasimuliwa kama washambulizi walikuwa na neno la siri, «lititi mboka». Mwenye alijua kuitikia alipita, mwenye hakujua alipigwa. Watu wa umri fulani hawawezi kulisikia neno hilo bila kunyamaza kidogo.

Miaka miwili kisha pale, mwaka wa 1992 na 1993, ilikuwa zamu ya neno «bilulu». Kilulu ni mududu. Katika siasa ya wakati ule ya Shaba, familia zenye asili yao ni Kasai ziliitwa bilulu, wadudu wenye kula shamba la wengine. Walikuwa watu wenye walizaliwa hapa, wenye baba zao waliletwa na Changa-changa kwa kazi ya shaba na ya treni. Kisha neno, vijana wa chama walifika kwenye nyumba. Familia kwa maelfu zilikusanyika kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi, zikangojea miezi, na watoto na wazee wengi walikufa pale kwa magonjwa na njaa. Wenye walifika Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi ao Kananga walipewa jina lingine tena: «refule», wenye kurudishwa. Lakini wengi hawakuwa wanarudi popote. Kasai ilikuwa kwao jina la babu tu, na watoto walifika kule wakisema Kiswahili.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Katika mwaka wa 1961, wakati wa kujitenga, Baluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi yenye askari wa Umoja wa Mataifa walilinda katika Elisabethville. Kila mara mambo yalifuata njia ile ile. Kwanza jirani ana jina lake. Kisha anaitwa kwa kabila lake. Kisha anaitwa kwa jina la nyama ao la mududu. Kutoka pale, mwenye kumufukuza hawazi tena kama anafukuza mutu.

Ndiyo maana neno kama bilulu halipaswi kufutwa katika kumbukumbu, na halipaswi kurudi katika kinywa. Wazee walifundisha watoto jina la nyoka kwa kusudi wajue kumukimbia. Leo kuna familia zenye zinafika Lubumbashi kutoka Kasai, kutoka Tanganyika na Haut-Lomami, na kutoka mashariki kwenye vita. Mutu akisikia jina jipya la kuwazarau katika soko ao katika bus, ajue kama si muchezo mupya. Ni wimbo wa zamani katika nguo ingine.

Kadogo na depar

Tarehe 9 ya mwezi wa 4, mwaka wa 1997, askari wa AFDL waliingia Lubumbashi. Kati yao kulikuwa watoto wenye bunduki zenye karibu kuwapita urefu. Waliitwa «kadogo». Mbele ya siku hiyo, kadogo lilikuwa neno la upole: kitu kidogo, mutoto mudogo wa nyumba. Kisha siku hiyo, neno likavaa boti za askari. Leo limeanza tena kurudia nyumbani pole pole, na mama anaweza kumuita mutoto wake kadogo bila mutu kushituka. Mara haba neno linapona namna hiyo.

Neno la mwisho ni «depar». Katika mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Katika mwezi wa 9 wa mwaka wa 1990 machimbo ya Kamoto, karibu na Kolwezi, yalibomoka. Katika mwaka wa 1994 kampuni ilitoa tani 30.000 hivi tu. Mishahara ilikosekana miezi na miezi. Katika mwaka wa 2003, kwa musaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 walikubali kuacha kazi kwa kulipwa mara moja. Kwa Kifaransa hiyo iliitwa «départ volontaire», kuondoka kwa kupenda. Katika cité watu walikata neno, wakabakisha depar. Sehemu ya «kwa kupenda» ndiyo yenye waliitupa. Pengine hawakufanya kwa kukusudi, lakini hawakukosea.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa chuo kikuu cha Lubumbashi, aliandika kitabu juu ya familia hizo, chenye jina lake linasema yote: bana Shaba wenye waliachwa na baba yao. Posho ilikuwa neno la mwanzo wa maisha hayo. Depar ilikuwa neno la mwisho. Kati ya maneno hayo mawili kuna karibu miaka mia ya muji.

Maneno kama adresi

Sasa inafaa kurudia kwa yule muzee na kijana wa pikipiki. Wakati wa Zaïre, komini iliitwa «zone», na jimbo liliitwa «région». Kwa hiyo, karatasi ya mutu ya wakati ule inaandika zone ya Katuba, région ya Shaba, inchi ya Zaïre. Leo mutoto wake, mwenye alizaliwa njiani, anaandikwa kwa maneno mengine: komini ya Katuba, na tangu mwaka wa 2015, wakati Katanga ya zamani iligawanywa mara ine, jimbo la Haut-Katanga. Ni nafasi moja. Lakini katika ofisi, mbele ya mwandishi kijana, zinaonekana kama ni nafasi mbili, na familia inaonekana kama ya uongo.

Katika jambo kama hilo, neno la zamani ni ushuhuda. Mutu mwenye anajua kama K.D.L. ndiyo baba ya S.N.C.C. ya leo, anaweza kuonyesha baba yake alifanya kazi wapi na kama alikuwa mukaaji wa Makomeno. Mutu mwenye anakumbuka «Komini Albert» anaweza kueleza karatasi ya babu yake. Mwenye anajua «depar» ilikuwa mwaka gani, anajua ni feza gani familia ilipokea na ilienda wapi. Wakati wazee hawa wanakufa bila kuulizwa, kamusi inazikwa pamoja nao, na hakuna ofisi yenye itaifukua.

Kwa hiyo kazi si kubwa sana. Mutoto mwenye simu anaweza kumuuliza nyanya yake: posho ilikuwa nini, mulikuwa munaitaje njia hii, nani aliwapatia majina yale? Na amurekodi. Mwenye kuwa na buku ya kazi ya zamani, asiitupe kwa sababu imeandikwa Zaïre. Mwenye kupokea familia yenye imekimbia, asikilize pia maneno yao, kwa sababu ndani yake kuna muji wao wote.

Ma boyi wa Elisabethville walielewa jambo hilo katika mwaka wa 1965. Hawakuwa na kalamu nzuri wala shule kubwa. Walikuwa na mashine ya kuandikia na masikio yenye yalikuwa yamesikia mengi. Waliandika muji wao kwa Kiswahili chao, wakauita vocabulaire, na mupaka leo mwenye anausoma kwa sauti anawasikia.

Na yule muzee? Kijana anaweza kumufikisha, kama atamuacha aseme njia yote. «Pita ku kiwanja. Sasa kata mukono wa kushoto. Hapo ndiyo kulikuwa kwetu.» Neno kwa neno, mupaka mulangoni.